Mkaguzi Hatoi Kumi

Kuna watu ukikaa nao nusu saa unaondoka umechangamka. Mkaguzi si mmoja wao. Ukikaa naye nusu saa unaondoka kichwa kinakugonga, na kesho yake akitokea tena, sijui kwa nini, unainuka unamwekea kiti. Mimi nimemwekea kiti mbele ya kibanda changu pale Cheyo, hapa Tabora mjini, miaka mingi sasa, na siikumbuki siku ambayo hakuniudhi.

Tunamwita Mkaguzi kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kukagua tiketi kwenye treni, Tabora hadi Kigoma, na Kaliua hadi Mpanda. Alistaafu zamani, ila mkono wake haujastaafu. Mwambie jambo lolote, mchele umepanda, fulani kaoa, atakunyooshea kiganja na kusema, "Hebu tuone." Anataka ushahidi. Mke wa fundi cherehani, jirani yangu, alipojifungua mapacha, tulimpa Mkaguzi habari, akanyoosha kiganja. Kha! Tumwekee watoto mkononi? Akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwa fundi, akarudi anafuta jasho, akasema, "Ni kweli, wawili." Halafu akakaa.

Kibanda changu kazi yake ni kuweka nyimbo kwenye flashi na kwenye kadi za simu. Vijana wanataka singeli na bongo fleva, akina mama wanataka kaswida au kwaya, na wazee wote, nasema wote, wanataka Msafara Jazz. Msafara ilikuwa bendi ya hapa hapa Tabora, na mtindo wao uliitwa Shusha Mzigo. Wimbo unaanza polepole, watu wanacheza wameinama kidogo, wanajikokota, mpaka gitaa la solo linapopiga kelele moja kali, na hapo ukumbi mzima unashusha mzigo. Wazee wakifika hapo kwenye kusimulia wanafumba macho. Ukiwauliza wanataka nyimbo zipi, wanataja zile zile za enzi za matarumbeta.

Hakuna anayetaja albamu ya mwisho. Inaitwa Nimerudi Mwenyewe, ina nyimbo sita, na zote sita kazitunga baba yangu.

Baba alikuwa mpiga gitaa la rizimu, yule anayesimama nyuma na ambaye picha za bendi humkata bega. Mwimbaji mkuu alipohamia Dar es Salaam na wapiga tarumbeta wakatawanyika kila mmoja kwao, baba ndiye aliyekusanya waliobaki. Akatunga, akaimba mwenyewe, na palipokuwa na tarumbeta akaweka kinanda cha umeme. Kanda ikatoka. Watu wakaisikiliza kidogo, wakasema hii si Msafara tunayoijua, wakarudi kwenye za zamani. Haikuchukiwa. Bora ingechukiwa, maana mtu akichukia atakwambia kwa nini. Hii waliipita tu.

Mimi nikajifanya mjanja. Kila mzee aliyeleta flashi nilimwekea nyimbo zake alizotaka, kisha nikachomeka na mmoja wa baba, bure. Unajua walifanya nini? Walirudi. "Binti, humu kuna wimbo umeingia kwa bahati mbaya. Nitolee." Nikawatolea, huku meno nimeyauma.

Nikasema basi, dawa ni Mkaguzi. Kwa sababu pale Cheyo, na naweza kusema Tabora yote ya watu wa dansi, wimbo wa Msafara thamani yake ilikuwa ni maksi alizoupa Mkaguzi, kumi ikiwa ndiyo juu kabisa. Maksi zote anazo kichwani. Mtajie wimbo, atakwambia: saba. Mtajie mwingine: sita, ungepata saba ila mpiga besi alikuwa na njaa. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu siasa, mpira, hata mipaka ya kiwanja, lakini kwenye maksi watu hunyamaza. Nilimwomba atoe maksi za Nimerudi Mwenyewe, nikijua akishasema yeye, wazee wengine watarudi kuisikiliza hata kwa ubishi tu.

"Haijachezwa," akanijibu.

"Mzee, si unaisikia? Ninayo hapa, nakuwekea sasa hivi, yote."

"Nimeisikia, binti. Nimekwambia haijachezwa."

Hapo ndipo nilipoijua sheria yake, na tangu siku ile imenitoa jasho. Kwa Mkaguzi wimbo haupewi maksi mpaka uchezwe, mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyevaa viatu. Na si kuchezwa na mtu anayejua. Enzi za ukumbi, Msafara wakitoa wimbo mpya, yeye alikuwa akizunguka meza hadi meza kumtafuta mtu asiyejua kucheza kuliko wote mle ndani, mke wa mgeni fulani, karani mwenye aibu, mtu aliyekuja kumfuata mumewe tu, na huyo ndiye anayemsimamisha acheze naye. "Anayejua kucheza anacheza hata honi ya treni," anasema. "Mimi nataka nione wimbo unamfanyia nini huyu asiyejua." Wimbo ukiisha anamrudisha mwenzake kwenye kiti kwa heshima zote, kisha anakwenda hadi mbele ya jukwaa na kuinua vidole. Baba anasema wanamuziki wote walikuwa wanakodolea macho vile vidole. Alishawahi kuinua tisa mara moja, na mpiga solo akalia. Kumi hakuinua kamwe.

Sasa tatizo. Albamu ya baba ilitoka ukumbi umeshafungwa na kugeuzwa ghala. Hakuna mahali ilipochezwa. Kwa hiyo haina maksi, si mbovu, si nzuri, imening'inia tu kama abiria aliyeshushwa katikati ya njia. Nilimwambia maneno hayo hayo, na kwa hasira. Akatikisa kichwa akasema, "Umesema vizuri." Jamani! Nilikuwa namtukana!

Barazani kwangu vita hivyo vilipiganwa karibu kila alasiri. Fundi cherehani alikuwa upande wangu. Msukuma mmoja wa Igunga, mnunuzi wa ng'ombe ambaye akija mjini hawezi kurudi bila kupita kwetu, naye alikuwa upande wangu, ila zaidi kwa ajili ya kumchokoza Mkaguzi, mtani wake Mnyamwezi.

"Wewe mzee, siku hizi muziki unasikilizwa kwenye simu," alimwambia. "Nani ana ukumbi? Mimi mwenyewe ng'ombe nanunua kwenye simu."

"Ndiyo maana wamekonda," Mkaguzi akasema.

"Wamekonda! Umewaona wapi?"

"Sijawaona. Hata wewe hujawaona."

Tulicheka, nami nikacheka, halafu nikakasirika upya kwa sababu nimecheka.

Msidhani ni mtu mkavu. Hapo ndipo anaponichosha zaidi, maana angekuwa mkavu ungeweza kumchukia ukapumzika. Kuna kisa cha mama mkwe wake ambacho familia yake wanakisimulia mpaka leo. Alimkuta ndani ya behewa, anatoka Urambo, hana tiketi, anaamini mkwe ndiye tiketi. Mkaguzi akamteremsha Kaliua. Mama wa mke wake! Na kapu lake la kuku! Lakini naye akateremka. Akamkabidhi mwenzake kazi, akakaa na bibi yule kwenye benchi la stesheni, akamtafutia chai na viazi vitamu, akawanywesha kuku maji, na treni nyingine ilipokuja akamkatia tiketi, wakapanda pamoja, akamkagua tena. Bibi hakumsemesha mwaka mzima, kisha Mkaguzi akawa ndiye mkwe anayempenda kuliko wote. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Anasema kinanda cha umeme ni chombo cha watu wavivu. Lakini mara mbili tatu nimemkuta ameegemea mlango wangu akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ni kinanda cha baba, kile cha wimbo wa Kaliua Tunabadili, unaohusu abiria wanaobadili treni, bila kukosea. Nikamnyooshea kiganja mimi safari hii. "Hebu tuone, Mzee. Huo ni wimbo gani?" Akasema alikuwa anafukuza nzi.

Ni mtu wa swala tano, kanzu yake Ijumaa inang'aa, na enzi zote za ukumbi hakuwahi kuonja pombe. "Sinywi. Nacheza," aliwaambia waliomshangaa, na hakuona kwamba hapo pana la kuelezwa. Simu anazisema vibaya kutwa nzima, lakini kwenye kundi letu la simu la Wana Shusha Mzigo hakuna anayetuma sauti ndefu kuliko yeye. Anaanza kwa salamu, anataja jina lake kamili, anataja mtaa wake, kana kwamba tunaweza kumchanganya na mtu mwingine, anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa, na dakika nne zikipita ndipo unasikia kilichomleta: "Kuhusu lile swali la jana, jibu langu ni kama la jana."

Mara moja nilikaribia kumpata. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, na mimi nikapanga mambo yangu. Nikamwendea kijana anayepiga muziki kwenye sherehe, nikamwambia, mwanangu, utanipigia wimbo mmoja, Kaliua Tunabadili, wote, usiukate, hata nyumba ikiungua. Akaapa. Mkaguzi akaja na viatu vyake vya kuchezea ndani ya mfuko wa plastiki, akavivaa pale mlangoni, akapitisha macho, akamchagua shangazi yetu ambaye ni mzito na hajui kulia wala kushoto. Wimbo ukaanza. Wakawa wanajikokota vizuri kabisa, shangazi ameanza hata kutabasamu, mara keki ikaingia. Yule kijana akakata wimbo na kuweka wa keki.

Mkaguzi alibaki na mguu mmoja juu. Nasema kweli, mguu juu, watu wakadhani amebanwa na misuli, mmoja akaleta maji. Akaushusha mguu, akamrudisha shangazi kwenye kiti, akavua viatu, akavirudisha kwenye mfuko. Nikamkimbilia nje.

"Mzee, si umeona? Shangazi alikuwa anacheza! Toa basi hata za nusu wimbo."

"Abiria akiwa na nusu tiketi namfanyaje, binti?"

Nilirudi ndani, na keki sikula.

Ningeweza kuendelea hivyo miaka mingine, nikimlaani na kumwekea kiti, kama baba asingeugua. Baba na mama walishahamia huko ndani Sikonge, kwa ndugu za mama, na baba alikuwa ameacha gitaa akashika mizinga ya nyuki. Alikuwa mtu wa mwituni kabisa, ananuka moshi na asali. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mkono ukalala, mguu ukawa wa kuvutwa, na maneno yakawa yanatoka mazito, yanavutana.

Mwanzoni alipambana. Daktari alisema atembezwe, akatembea. Asemeshwe, akasema. Na kila nilipokwenda kumwona, baada ya "Shikamoo baba" na "Marahaba mwanangu," swali la kwanza lilikuwa lile lile.

"Mkaguzi amesemaje?"

Anaulizia albamu. Hakuuliza redio zinasemaje, wala wanamuziki wenzake. Vile vidole tu. Nami kila mara nilikuwa na jibu moja la kijinga: bado, baba, anasema haijachezwa. Baba anaguna. Mwaka ukapita hivyo, na nikaona anaanza kuchoka. Anasema hatembei leo. Kesho hatembei. Akishakula mchana anapelekwa ndani, analala, anageukia ukuta. Mama akanipigia simu akaniambia, "Baba yako anatuacha akiwa hai." Nikalia pale kibandani mbele ya wateja.

Ndipo nikaingia kwenye lile kundi la simu. Niliandika kila kitu, bila kujali aibu. Nikasema baba anaumwa, anataka kujua mnaionaje albamu yake, naomba maksi. Na watu wa Mungu, wapenzi wa Msafara, wakajitokeza. Fundi: kumi. Msukuma wa Igunga: kumi, na ng'ombe juu. Mwalimu mstaafu wa Nzega: kumi. Watu wa Urambo, wa Mpanda, mpaka mmoja aliyehamia Mwanza: kumi, kumi, kumi. Mkaguzi peke yake hakutuma kitu. Hata kikohozi. Nikamwapiza kimoyomoyo, nikapanda gari la Sikonge.

Nilimsomea baba mmoja mmoja. Nilisoma kwa furaha, jamani, nikiinua sauti kila nikifika kwenye kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wote kumi?" akauliza.

"Wote, baba."

"Hata yule Msukuma?"

"Hata yeye, na ng'ombe juu."

Akasema, taratibu, akitafuta kila neno, "Watu wa Tabora hawajawahi kukubaliana. Wanakubaliana msibani tu. Daktari amewaambia nini?"

"Hakuna, baba, nakuapia..."

"Mkaguzi kasema ngapi?"

"Hajasema."

"Naye ameona haya kuniambia ukweli," baba akasema, na akageukia ukuta. Jioni hakula, na kesho yake asubuhi hakula.

Nilirudi Cheyo nikiwa moto. Nilimkuta Mkaguzi kwenye kiti chake, kiti changu nilichonunua mwenyewe, na sikumwamkia. Mbele ya fundi na wateja nilimwambia yote yaliyokuwa kifuani: kwamba yeye na sheria zake ni mtu katili, kwamba kuna mzee mwenziwe amelala huko amegeukia ukuta akisubiri vidole vyake, na yeye anasubiri ukumbi ambao umejaa magunia ya tumbaku! Kwamba sitaki tena kumwona hapa. Fundi alisimamisha cherehani.

Mkaguzi hakujitetea. Aliuliza tu, "Mama yako anajua kucheza?"

Nilimtazama nikidhani amepungukiwa. Mama yangu? Mama alikaa kwenye kumbi za dansi miaka yote ile na hakucheza hata wimbo mmoja. Mume yuko jukwaani, nani amchezeshe? Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na koti la baba mapajani, asije mtu akalichukua.

"Hajui kabisa," nikasema.

"Basi kesho twende," Mkaguzi akasema.

Tulikwenda kwa gari hadi Sikonge mjini, na kutoka hapo ni vumbi na baiskeli. Vijana wawili wenye baiskeli walitubeba. Mkaguzi alikaa nyuma kwenye keria amenyooka, suruali imepigwa pasi, mfuko wa viatu kifuani, na kila tulipokutana na mtu kwenye njia ya miombo alimwitikia salamu kama yuko kwenye behewa la daraja la kwanza. Njia nzima alimfundisha yule kijana jinsi ya kukata kona. Nilifumba macho.

Nyumbani tulimkuta baba ametolewa nje, ameegeshwa kwenye kiti cha kamba kivulini. Alipomwona anayekuja alijaribu kuinua bega. Wakasalimiana, wakaulizana hali, Mkaguzi akampa pole ya ugonjwa, fupi, kama inavyotakiwa. Kisha akakaa kwenye kigoda akavua viatu vya safari na kuvaa vya kuchezea. Akafunga kamba, akasimama mbele ya baba.

"Bwana, naomba ruhusa nicheze na shemeji."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Mimi?" mama akashtuka. Alikuwa ameshika ungo. "Mimi sijui kucheza, shemeji, usinichekeshe."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Niliweka spika niliyokuja nayo juu ya mzinga mtupu, nikaanza wimbo wa kwanza. Nitasema ukweli, ilikuwa ni kitu cha kuchekesha kukitazama: mzee mmoja mwenye goti bovu na mama yangu mwenye kanga kiunoni na viatu alivyoamriwa na Mkaguzi akavivae badala ya ndala, wakijikokota kwenye uwanja wa vumbi mchana kweupe. Majirani walikuja uani. Mama alikuwa anamkanyaga. Kila wimbo ulipoisha Mkaguzi alimrudisha kwenye kigoda, akasubiri apumue, akamwinua tena. Wimbo wa pili mama akaacha kutazama miguu. Wa tatu, Kaliua Tunabadili, walipoteana katikati, wakarudi. Wa nne walishusha mzigo, na mama akapiga kigelegele, mama yangu ambaye harusi ya mdogo wangu hakupiga hata kimoja!

Nilimtazama baba. Miaka yote ile alikuwa jukwaani, nyuma, na mama mezani na koti. Hakuwahi kumwona akicheza wimbo wake. Mkono wake mzima ulikuwa unapiga kwenye paja, rizimu, taratibu.

Wimbo wa sita unahusu mwanamke aliyekaa mezani na koti la mwanamume. Mama alipousikia aliacha kucheza, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Wimbo haujaisha, shemeji," Mkaguzi akamwambia. Ningeweza kumpiga.

Ulipoisha alimkalisha mama, akamshukuru, akaenda hadi mbele ya kiti cha baba, hatua zile zile nadhani alizokwenda nazo mbele ya jukwaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtu mwenye utu, ameona aliyoyaona, ameona mama akilia, anaona mgonjwa mbele yake, hawezi kwenda chini ya tisa.

Aliinua vidole vitano vya mkono mmoja na kimoja cha mwingine. Kisha kimoja zaidi akakikunja katikati.

"Sita na nusu," akasema.

Sita na nusu! Nimembeba mtu huyu kutoka Cheyo, nimempandisha baiskeli, aje amwambie baba yangu sita na nusu! Hata ile nusu nyingine asingeweza kuiongeza? Nilifungua mdomo nimwambie atoke.

"Ngapi?" baba akasema.

"Sita na nusu, albamu nzima. Ule wa koti, nane. Ule wa nne, saba. Kaliua Tunabadili nimeupa tano."

"Tano?" Baba alijisogeza mbele, peke yake, bila kushikwa. "Tano ya nini?"

"Kinanda kinaingia mapema. Watu hawajateremka treni ya kwanza, wewe umeshawapandisha ya pili. Shemeji aliyumba, umemwona."

"Hakuyumba yeye." Neno lilikuwa zito lakini lilitoka zima. "Uliyumba wewe. Goti lako ndilo lililochelewa."

"Goti langu halijawahi kuchelewa."

"Mnyamwezi muongo wewe! Nilikuwa nakuona toka jukwaani. Kila wimbo, robo nyuma. Miaka yote!"

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Ulikuwa na vidole!"

Mama alikaa kwenye kigoda akitazama huku na huku, viatu mikononi. Majirani wakaanza kucheka, na mmoja akaunga mkono kinanda, mwingine akasema tarumbeta ingefaa zaidi, baba akamgeukia na huyo. Vijana wa baiskeli walikuja kuniambia jua linakwenda, kama tunataka gari la Tabora tuondoke sasa. Nilimwambia Mkaguzi. Hakunisikia. Alikuwa anamwonyesha baba kwa mguu mahali hasa ambapo kinanda kilipaswa kusubiri, na baba anapinga kwa mkono mzima, akihesabu mapigo hewani. Gari likatuacha. Nilikuwa nimekasirika, nimechoka, nina vumbi mpaka masikioni, na sijui kwa nini machozi yalikuwa yananitoka.

Saa ya baba kulala ilikuwa imepita zamani. Nikamshika bega nikamwambia, "Baba, twende ndani upumzike kidogo."

Akanisukuma kwa ule mkono mzima, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Niache," alisema. "Huyu bado hajanijibu."